Mshono wa Chini

Kila Jumamosi, Bupe alipomaliza kufagia uwanja na kuosha vyombo, alikimbilia nyuma ya nyumba kabla mama yake hajakumbuka kazi nyingine ya kumpa. Huko ndiko kulikokuwa na banda la baba yake: mabati machache juu ya nguzo, meza moja nzito ya kazi, na harufu ya mbao zilizorandwa. Baba yake, Bwana Kapembwa, alikuwa muuguzi katika zahanati ya mtaa wao, Mpatamatu, mjini Luanshya, mji wa migodi ya shaba nchini Zambia. Katikati ya juma alifunga vidonda na kuchoma watu sindano. Jumamosi ilipofika alilitundika koti lake jeupe, akashika randa. Hakuwa fundi wa kuuza. Alitengeneza vigoda, rafu na masanduku kwa sababu moyo wake ulipenda, na vitu hivyo akawagawia ndugu na majirani.

Bupe alikuwa na miaka kumi na mitatu, na tayari mkono wake uliijua mbao. Aliweza kuunganisha pembe mbili zikabana bila msumari hata mmoja. Na palipobaki kijinafasi, alichanganya vumbi la mbao na gundi, akaziba, akapiga msasa, na hakuna jicho lililopaona tena.

"Mtoto huyu ana mkono mwepesi," majirani walisema.

Bupe alijifanya hasikii, lakini alisikia kila neno.

Mwaka ule baba na binti walikuwa na kazi moja iliyowakaa moyoni. Mdogo wake Bupe, Mwila, mwenye miaka sita, alikuwa ameugua mapafu wakati wa mvua. Muhula wa kwanza wote aliupitisha kitandani na mapajani mwa mama yake, wenzake wakijifunza kuandika majina yao. Sasa alikuwa amepona, ila kifua kilikuwa bado hakijapata nguvu. Akitembea mwendo mrefu alianza kuhema, midomo ikakauka. Na shule ilikuwa mbali, ng'ambo ya kijito, kwenye barabara iliyoachwa na mvua imejaa mashimo.

"Nitampakia kwenye baiskeli," Baba alisema. "Shule iko njiani kwangu."

Wakamtengenezea kiti cha mbao ya mninga, chenye egemeo na mahali pa kushika mikono. Kilikuwa kizuri hata Mwila akawa anakulia chakula juu yake. Wakakifungia nyuma ya baiskeli kwa fremu ya mbao, kisha Baba akaweka gunia la unga juu ya kiti, akaizungusha baiskeli barabarani kujaribu. Hakufika mbali. Shimo la kwanza lilipita salama. La pili likasema *ta!* Mguu wa fremu ukapasuka katikati, na gunia likalala matopeni.

Mwila alikuwa amesimama langoni, vidole mdomoni.

"Kwa hiyo mimi siendi shule?" aliuliza.

Baba aliinua gunia, akalipangusa polepole. "Utaenda, mama yangu," alisema. Kisha akamgeukia Bupe. "Mbao imefika mwisho wake. Kiti kibaki cha mbao, lakini chini yake panataka chuma."

"Unajua kuchomelea, Baba?"

"Hata kuishika ile mashine sijui. Ndiyo maana tutakwenda kujifunza."

*

Mama Chitalu aliishi nyumba ya kona. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kupita ukuta, na kwa miaka mingi alikuwa mchomeleaji mgodini. Baada ya kustaafu alitengeneza mageti na majiko ya mkaa uwanjani kwake. Alipowaona wageni wake aliinua kofia ya chuma iliyomfunika uso.

"Muuguzi! Mbona na mapema hivi? Nani kakwambia mimi naumwa?"

"Hakuna mgonjwa, Mama Chitalu," Baba alijibu. "Tumekuja kufundishwa, mimi na huyu."

Mama Chitalu alicheka mpaka akatafuta kiti. "Mafundi wa mbao! Nyinyi mmezoea kubembeleza. Mnapapasa, mnapuliza vumbi, mnapapasa tena. Chuma hakitaki mapenzi hayo, jamani." Lakini alipoelezwa habari za Mwila, kicheko kiliisha. Aliitazama ile fremu iliyopasuka, akaigeuza mkononi.

"Kazi yenu ni nzuri," alisema. "Ila mbao inajua kukaa, haijui kutikiswa. Sikilizeni. Binti yangu Chitalu yuko Ndola, tumbo limekomaa. Mjukuu wangu hatalala kwenye boksi la sabuni. Nitengenezeeni kitanda cha mtoto, kile cha kubembea. Nami nitawafundisha mpaka chuma kiwatii."

Wakakubaliana. Bupe akataka waanze papo hapo, lakini Mama Chitalu aliitazama miguu yake.

"Hizo ndara zinakwenda wapi?"

"Si... ni za nyumbani, Mama."

"Basi zipeleke nyumbani. Cheche ikikuangukia kidoleni utaimba wimbo usioujua. Vaa viatu vya kufunika, na gauni la mikono mirefu, lisiwe la nailoni. Na nyote wawili sikieni: mwanga huu hautazamwi kwa macho matupu. Ukiutazama, jioni utahisi umetiwa mchanga machoni. Atakayeinua kofia kabla sijasema, asirudi hapa tena."

Bupe alikimbia nyumbani, akarudi amevaa viatu vya shule.

Likizo ile ya Aprili walikwenda kila Jumamosi, na mara nyingine jioni Baba alipotoka kazini. Baba alikuwa mwanafunzi wa kuchekesha. Rodi yake, kile kijiti cha chuma cha kuchomelea, ilinasa kwenye bomba la chuma kama kupe kwenye sikio la mbwa, akaivuta kwa mikono miwili huku Mama Chitalu akipiga kelele, "Izungushe, Muuguzi, izungushe! Si jino hilo!" Baba alicheka mwenyewe, akajaribu tena. Kushindwa hakukumwumiza.

Bupe kulimwumiza. Alizoea kuwa mtoto mwenye mkono mwepesi. Sasa mkono uleule uliyatoboa mabomba, na mshono wake ukatoka na mabonge hapa, mashimo pale. Mama Chitalu aligonga gamba jeusi lililofunika mshono, likadondoka, akainama kutazama.

"Mh. Kuku wangu wakiona hivi watadhani wamepita hapa usiku. Kata. Anza upya."

"Mama, siwezi kuziba haya mashimo? Kwenye mbao tunaziba na kupiga msasa."

"Kwenye chuma hatuzibi, binti. Mshono umeshika, au haukushika. Kata."

Juu ya ua alining'inia Chomba, mvulana wa jirani aliyesoma naye darasa la saba. "Fundi wa vigoda!" aliita. "Leo umeunga, au umetoboa?"

Bupe alishusha kofia usoni upesi. Uzuri wa kofia ile ni kwamba haionyeshi machozi.

Hata hivyo, pole kwa pole chuma kilianza kumsikiliza. Alijifunza kukisugua kwa brashi ya waya mpaka king'ae. Alijifunza kusikiliza sauti: mwendo ukiwa sawa, moto hukaanga kama mafuta kwenye kikaango, bila kupasuka-pasuka. Siku moja Mama Chitalu alitazama mshono wake, hakusema "kata". Alisema, "Huu unaweza kulala." Bupe alirudi nyumbani akirukaruka kama mwanambuzi.

*

Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, fremu ilikuwa karibu kukamilika. Baba alikuwa ameunga sehemu za juu, zile nyepesi, huku Mama Chitalu akimsimamia. Bupe alipewa miguu miwili iliyoshuka kutoka kwenye kiti mpaka karibu na ekseli ya gurudumu la nyuma. Mguu wa kushoto ulikubali. Wa kulia ulikataa. Mshono wake wa chini ulikuwa mahali pa kujikunja, pagumu kufika, na mara mbili Mama Chitalu alimwambia akate.

Alikuwa anajiandaa kwa mara ya tatu simu ilipolia. Mama Chitalu alisikiliza, akapiga kelele ya furaha na hofu pamoja. "Uchungu umeanza! Chitalu wangu! Muuguzi, nisaidie mizigo, nitakosa basi!" Kabla ya kuingia ndani alimgeukia Bupe. "Malizia huo mmoja. Polepole. Ukimaliza, gonga gamba, ukague."

Bupe akashusha kofia. Moto ukawaka, sauti ikawa nzuri, mkono ukatulia. Alikuwa amefika katikati mwanga ulipozimika ghafla. Mashine ikanyamaza. Redio ya jirani nayo ikanyamaza, na mtaa mzima ukasikika ukiguna kwa pamoja. Umeme ulikuwa umekatika, na ukikatika saa zile ilikuwa ni mpaka kesho, wakati mwingine kesho kutwa.

Mama Chitalu alitoka mbiombio, kitenge kipya kiunoni, begi begani. Baba alikuwa ametangulia langoni na furushi, pamoja na kile kitanda cha kubembea walichokuwa wamemtengenezea mjukuu.

"Binti, ule mshono wa chini ulikwisha kabla umeme haujakatika?"

Bupe aliutazama mguu wa kulia. Gamba lilikuwa bado halijagongwa, na chini ya gamba hakuna ajuaye. Alimfikiria Mwila, aliyekuwa amelala na sare ya shule kando ya mto wake wa kulalia siku mbili hizo. Akamfikiria Chomba. Akafikiria vile Mama Chitalu angesema "bado", kwa mara ya tatu, mbele ya Baba.

"Umekwisha, Mama," alisema.

"Umeukagua?"

"Ndiyo."

"Safi. Mungu awatangulie Jumatatu." Akambusu Bupe kwenye paji la uso, akaenda zake.

Nyumbani Bupe alijificha bandani na ile fremu, akagonga gamba kwa nyundo ndogo. Lilidondoka vipande vipande. Nusu ya mshono ilikuwa nzuri. Nusu iliyobaki ilikuwa ufa mtupu, ukucha uliweza kuingia. Alikaa akiutazama kwa muda. Kisha mikono yake ikafanya ilichokizoea. Ilichota vumbi la mbao sakafuni, ikachanganya na gundi, ikaziba ufa, ikapiga msasa, ikapaka rangi nyeusi.

Ulipokauka, ulikuwa mshono mzuri kuliko yote.

Baba aliporudi kutoka kituo cha basi alichuchumaa, akaupapasa kwa kidole. "Huu ni wako? Mbona umelala vizuri hivi! Mama Bupe, njoo uone! Mwanafunzi amempita baba yake."

Mama alikuja na mwiko mkononi, akasifu. Mwila alipanda juu ya kiti, akachezesha miguu. "Bupe ndiye aliyekitengeneza! Bupe ndiye!"

Wakati wa chakula nshima, ule ugali wao wa mahindi, ilikuwa ya moto, na mboga zilikuwa zimeungwa kwa karanga kama Bupe alivyozipenda. Alifinyanga tonge moja, akalizungusha mkononi mpaka likapoa.

"Unaumwa?" Mama aliuliza.

"Nimechoka tu."

Jumapili, baada ya kanisa, Baba alipakia gunia la unga na kulizungusha uwanjani na mbele ya nyumba. Kiti hakikutikisika. Bupe akashusha pumzi. Pengine nusu inatosha, alijiambia. Pengine gundi nayo imeshika. Lakini aliyasema hayo kwa haraka, kama mtu apitaye mbele ya mbwa asiyemjua.

*

Jumatatu asubuhi palikuwa na baridi kidogo. Mama alimfunga Mwila kitambaa shingoni, akamvuta soksi. Mwila akapandishwa kitini kama malkia, mkoba mgongoni, akawapungia mkono kuku na majirani. Baba alipanda baiskeli, akaenda taratibu ili Bupe aweze kukimbia kando.

Bupe hakutazama barabara. Alitazama mguu wa kulia wa fremu, pale chini. Shimo la kwanza, hakuna kitu. La pili, hakuna kitu. Mwila aliimba. Walipopita sokoni, gurudumu likaingia kwenye shimo refu na kutoka kwa kishindo, na Bupe akaona juu ya rangi nyeusi mstari mwembamba kama unywele. Haukuwapo nyumbani.

Mbele yao barabara ilianza kuteremka kuelekea kwenye daraja la kijito. Hapo Baba huiachia baiskeli ikimbie. Nyuma yao wanafunzi walikuwa wanakuja kwa makundi, na sauti ya Chomba ilikuwa juu ya zote.

 Bado angeweza kunyamaza. Mara ngapi mbao iliyopasuka kidogo ilidumu miaka? Kisha Mwila akageuka, akamcheka kwa meno yake yenye mapengo.

"Baba, simama!"

"Tutachelewa, mama, ukikimbia kidogo..."

"Baba, simama!" Bupe alishika kiti kwa mikono yote miwili, akavuta. Baiskeli ikayumba, Baba akashusha mguu chini.

"Bupe! Una nini wewe?"

"Mtoe Mwila. Mshono haujashika. Haukuwahi kushika. Umeme ulikatika katikati, nami nikasema umekwisha. Nikaziba kwa vumbi la mbao. Mtoe, Baba, tafadhali."

Baba akashuka. Alimnyanyua Mwila, akamweka kando. Kisha akashika kiti na kukitikisa mara moja, si kwa nguvu. Mguu wa kulia ukaachia. Mkate mdogo wa gundi na vumbi ukaangukia kwenye lami, wa manjano kama ganda la nta. Baba aliutazama, halafu akautazama mteremko, na mawe ya daraja kule chini.

Alikaa kwenye ukingo wa barabara, akampakata Mwila. Bupe alimwona baba yake, mtu aliyeshona vidonda vya wachimba migodi bila kupepesa macho, akiyapapasa magoti ya mtoto tena na tena.

"Nichape, Baba," Bupe alisema huku akilia.

"Kukuchapa kutaunga nini?" Baba alisema. Sauti yake ilikuwa chini. "Ungeniambia Jumamosi, ningenung'unika Jumamosi, na yangekwisha palepale." Aliutazama tena mteremko. "Lakini umesema kabla ya mteremko. Nakushukuru kwa hilo. Futa machozi, tunaye mtoto wa kumfikisha shule."

Wanafunzi walikuwa wamefika. Chomba aliona mguu ukining'inia. "Ohoo! Kiti cha fundi kimekata roho! Nani kakiroga?"

"Hakuna aliyekiroga," Bupe alijibu. "Nilikiunga vibaya, nikaficha."

Chomba aliutazama tena ule mguu. Alijikuna kichwa. Kisha akanyosha mkono na kuuchukua mkoba wa Mwila. "Haya, lete nikubebee," alisema.

Baba akamweka Mwila mgongoni, Bupe akasukuma baiskeli. Wakashuka mteremko kwa miguu.

Juma lile lote ilikuwa hivyo. Kila asubuhi Baba alimbeba Mwila mgongoni kwa kitenge cha Mama, kama wanawake wanavyobeba watoto. Wanaume waliokuwa wanasubiri gari la mgodini walimcheka.

"Muuguzi, umejifungua lini?"

"Jana!" Baba alijibu. "Leteni zawadi!"

Alicheka nao, lakini Bupe, aliyetembea nyuma yake, aliona jasho likilowesha koti lake jeupe kabla hata hajafika kazini. Kila tone lilimchoma. Mwila naye, alipoambiwa jioni kwamba kiti kitatengenezwa upya, alijificha nyuma ya Mama.

"Mimi nataka mgongo wa Baba," alisema.

*

Mama Chitalu alirudi Ijumaa. "Nikusindikize?" Baba aliuliza. Bupe alitikisa kichwa. Neno hili lilikuwa lake. Alivaa viatu, akaenda peke yake.

"Hodi!"

"Karibu, karibu! Ni mvulana, Bupe! Ana kichwa kikubwa kama cha babu yake! Keti unywe munkoyo, niliubeba kutoka Ndola, bado mtamu."

Bupe hakuketi. Alipiga magoti, akapiga makofi taratibu kama anavyofanya mtoto mbele ya mkubwa, akasema yote. Alisema kuhusu ufa, gundi, rangi, na barabara. Mama Chitalu alikiweka chini kikombe chake cha kile kinywaji cha mahindi.

"Mwila yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, Mama. Mzima."

"Hajaanguka?"

"Hajaanguka."

Mama Chitalu alifumba macho kwa muda. Alipoyafumbua, hayakuwa na ukali, ila hayakuwa na mzaha pia. "Nilikuuliza mara mbili."

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nilikuwa na haraka, nikaamini sikio badala ya kuinama nikatazama. Hilo ni langu, nitalibeba. La kwako ni lipi?"

"Nilisema umekwisha, na haukuwa umekwisha."

"Haya. Nyanyuka. Kesho umeme ukiwapo, lete hiyo fremu na baba yako."

Kesho yake umeme ulikuwapo. Bupe alidhani Mama Chitalu angeuchukua mguu ule na kuuunga mwenyewe. Badala yake alimpa Bupe brashi ya waya. Bupe akasugua gundi na rangi mpaka mabaki yote yakatoka, na chuma kikang'aa kama kijiko. Mama Chitalu akakata mshono wote wa zamani kwa grenda, mashine ya kukatia chuma.

"Hata nusu iliyo nzuri?" Bupe aliuliza.

"Nzuri haikai na jirani mbaya. Tunaanza mwanzo."

Bupe alishusha kofia. Baba alishika bomba kwa koleo, kofia yake nayo usoni. Moto ukawaka, ukakaanga kama mafuta. Ulipofika mwisho wa mshono, Bupe alizima, akangoja upoe, akagonga gamba. Katikati palikuwa na kitundu, kidogo kama jicho la sindano. Hakuna ambaye angekiona.

"Mama," alisema, "pana tundu hapa."

Mama Chitalu aliinama. "Lipo," alisema. "Tufanyeje?"

"Nikate."

Alikata. Akaanza tena. Jua lilikuwa limepanda, mgongo ulimwuma, na Chomba alikuwa juu ya ua, lakini safari hii hakumtania, na kichwa amekigeuza pembeni kama Mama Chitalu alivyomwamuru, mwanga usimwumize macho. Mshono wa pili ulilala kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mama Chitalu aliupiga kwa nyundo, ukalia kama kengele. Kisha akafanya jambo lililowavunja mbavu wote. Alikunja kitenge chake, akakaa juu ya fremu kwa unene wake wote, akajirusharusha.

"Kimekubali!" alipiga kelele. "Kama kimenibeba mimi, kitambeba huyo kifaranga na darasa lake zima!"

Walipomaliza kucheka, alimvuta Bupe, akamketisha kando yake.

"Sikiliza, mwanangu. Mgodini niliunga vibaya mara nyingi, na kila fundi unayemwona ameunga vibaya. Hiyo si aibu. Mkono ukikosea, mkono utarekebisha. Lakini ulimi ukificha, hakuna mkono utakaojua pa kuanzia. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Basi nenda kanywe maji. Una uso mweusi kama sufuria."

*

Jumatatu asubuhi baiskeli ilisimama mlangoni na kiti chake juu. Baba alikuwa na koti jeupe lililopigwa pasi. Mama alimleta Mwila kwa mkono. Mwila aliitazama baiskeli, akasimama. Akavuta mkono wake.

"Panda, mama yangu," Baba alisema. "Kimetengenezwa."

Mwila hakusogea. Hakumtazama Baba, wala hakukitazama kiti. Alimtazama dada yake.

"Bupe, kitaanguka?"

 Bupe alichuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa.

"Kile cha kwanza nilikudanganya," alisema. "Hiki nimekiunga, nikaona kosa, nikakata, nikaunga tena. Mama Chitalu amekikagua kwa macho yake, akakikalia. Hakitaanguka. Na nitakimbia hapa kando mpaka shuleni."

Mwila alifikiri kidogo. Kisha akainua mikono yake ili abebwe, na akapanda.

Waliondoka taratibu. Shimo la kwanza likapita, na la pili, na lile refu la sokoni. Juu ya mteremko Baba alipunguza mwendo, akamngoja Bupe aliyekuwa anahema.

"Umeona?" alimwambia kwa sauti ya chini, ili mtoto asisikie. "Hakukiuliza chuma. Amekuuliza wewe. Watu hupanda kwanza juu ya neno la fundi, Bupe, ndipo wakapanda juu ya kazi yake. Litunze."

Kisha akaiachia baiskeli. Ikateremka kuelekea darajani, kitambaa cha Mwila kikipepea, na Bupe akikimbia nyuma yao kwa nguvu zake zote.